Gofu sio mchezo wa wavivu jamani
Watu wengi wanasema gofu sio mazoezi, eti ni kutembea tu na kupiga kijimpira. Mi sichezi, ila naishi jirani na uwanja na nawaona kila siku dirishani, aisee wanachoka! Mashimo 18 kwa miguu ni kama kilomita 8 hadi 10, begi mgongoni (wenye vigari hiyo habari nyingine), na shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu. Juzi mmoja kainama mpaka shavu karibu liguse nyasi anasoma mteremko, kapiga taratibu, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka, akashika kichwa, mi nacheka huku namwonea huruma. Na mpira ukipotea vichakani hawatafuti mpaka jioni, tangu 2019 sheria inawapa dakika 3 tu.