“Mimi Nina Pumzi”: Dhana Potofu za Wapanda Kilimanjaro

Kila Desemba inapokaribia, makundi ya Watanzania yakijiandikisha kwenda kusherehekea Uhuru kileleni, kauli huwa ni ile ile: “Mimi nakimbia kilomita 21 bila kusimama, siku 5 zinanitosha.” Hazikutoshi. Na kwa kuwa kauli hii ndiyo inayowateremsha watu kwa machela kuliko nyingine zote, tuanze nayo na tukae nayo.

Mbio hujenga moyo na miguu. Ila kinachomwangusha mtu huko juu ni hewa, na hewa haina habari na medali zako. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Pale oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na ilivyo Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo, ambao ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kila pumzi inaingiza takriban nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujitetea kwa kuhema zaidi, lakini kuhema huko kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inaegemea upande wa alkali, na ubongo unaamuru uheme polepole tena. Zinazoondoa kizuizi hicho ni figo, kwa kumwaga baikaboneti, yaani ile alkali iliyozidi, kwenye mkojo, nazo zinataka siku kadhaa. Hakuna mazoezi ya gym yanayoziharakisha. (Kwa hiyo ukiamshwa na mkojo mara tatu usiku pale kambi ya Horombo, usinung'unike. Kazi inafanyika.)

Mwenye pumzi ana hatari yake ya ziada: anakwenda mbio kwa sababu anaweza. Dalili za ugonjwa wa mwinuko hazimkuti njiani. Kwa kawaida hujitokeza saa 6 hadi 12 baada ya kufika. Basi anaingia kambini saa saba mchana, wa kwanza, anapiga picha, anauliza kwa nini wasiendelee tu. Saa mbili usiku kichwa kinagonga, sahani ya wali iko mbele yake haijaguswa, na anasema ni uchovu. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa hamu ya kula ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa fanyeni hesabu. Kanuni inayotumika milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiku wa leo usilale juu ya wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku 3 au 4 ulale tena pale pale. Njia ya Marangu kwa siku 5 inakulaza Mandara, mita 2,720; Horombo, 3,720; Kibo, 4,720. Mita elfu, kisha elfu nyingine. Halafu usiku huo huo wa Kibo unaamshwa kupanda mita 1,175 zilizobaki. Hiyo ratiba ipo kwa sababu ni rahisi kuiuza. Watu wanafika kweli, na ndio hao wanaowaambia wenzao kwamba inawezekana; waliogeuzia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, wakitapika, hawaposti.

Mkilazimika kupita Marangu, lipieni siku ya sita. Laleni Horombo mara mbili, na siku ya katikati mpande hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks au mbele yake kidogo, mkae nusu saa, mrudi kulala. Kupanda juu, kulala chini. Njia ya Machame ya siku 7 imejengwa hivyo hivyo: unapanda hadi mwamba wa Lava Tower, kama mita 4,600, unateremka kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000, unalala kambi ya Karanga, ndipo unakwenda Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Ile ya siku 6 inaruka Karanga, na siku hiyo moja iliyorukwa inadaiwa usiku wa kilele. Ada ya hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo mno ukilinganisha na ya mgeni, lakini mtu atanunua viatu vya bei mbaya na kubana usiku mmoja wa kibanda! Bora uvae vya kukodi ukalale Horombo mara mbili.

Mwenye muda apande kwanza Mlima Meru, yenye zaidi ya mita 4,500, kisha aje Kilimanjaro ndani ya wiki moja. Hakuna maandalizi yanayoifikia.

“Vidonge vinaficha ugonjwa.” Hapana. Asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, inazisukuma figo zifanye ile kazi tuliyoitaja, ila mapema zaidi. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitakufa ganzi kidogo na soda itakosa ladha, usishtuke. Kinachoweza kukudanganya ni dawa ya maumivu: ukinywa panadol kichwa kikatulia, hiyo si ruhusa ya kupanda kesho. Na dawa za usingizi ziacheni mjini, kwa sababu zinapunguza kupumua pale pale unapokuhitaji.

“Si kuna mtungi wa oksijeni?” Upo, wa kukuteremshia. Mtu anayehema kwa shida akiwa amekaa, au anayekohoa makohozi yenye povu, maji yanaingia kwenye mapafu yake. Anayeyumba kama mlevi au kushindwa kufunga zipu ya koti lake, ubongo unavimba. Mtihani ni mwepesi: atembee hatua 10 kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, anashuka sasa hivi, usiku huo huo, na mtu wa kumshika. Oksijeni na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, vinanunua muda wa kushuka. Kusubiri kupambazuke ndiko kunakoua.

“Wenyeji hawaugui.” Moshi mjini haifiki mita 1,000. Aliyezaliwa Kibosho akakaa Dar miaka 10 hana tofauti na mtu wa Lindi. Wapagazi huonekana imara kwa sababu msimu mzima wanapanda na kushuka. Baada ya miezi ya kukaa nyumbani nao huugua, na baadhi huficha ili wasikose kazi. Waulizeni wamelalaje.

“Tangawizi na kitunguu saumu ni kinga.” Tangawizi ni chai nzuri. Kitunguu saumu ni kiungo. Tusonge mbele.

Maji: lita 3 hadi 4 kwa siku zinatosha, na hazitibu mwinuko. Kujimwagia lita 6 bila chumvi wala chakula kunaleta maumivu ya kichwa ya aina yake. Usiku wa kilele mpira wa kunyonyea maji huganda mapema, kwa hiyo bebeni chupa, muipakie kichwa chini, kwani barafu huanzia juu na mfuniko utabaki huru.

“Ni ikweta, baridi itakuwa ya wastani.” Kileleni alfajiri nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri ni kawaida, na upepo juu yake. Pamba ikilowa jasho haikauki, inakunyonya joto. Vaeni polista au sufu mwilini, flisi juu yake, kisha koti zito. Koti la mtumba la kuteleza kwenye theluji kutoka soko la Memorial, Moshi, linafanya kazi sawa na jipya. Simu iwekeni mfuko wa ndani, la sivyo betri itakufa kabla ya picha.

Mazoezi yana kazi yake, ila kwenye kushuka. Kutoka Uhuru hadi Horombo ni mita 2,175 kwa siku moja, na hapo magoti ndiyo yanayolia. Zoezeni kushuka ngazi, si kupanda tu. Kateni kucha za miguu siku 2 kabla ya safari, na mkianza kushuka kazeni kamba za kiatu kwenye kifundo ili mguu usiteleze mbele. Wasiofanya hivyo hufika getini na kucha za gumba zimekuwa nyeusi.