Kukimbia mbio ndefu baada ya miaka 50: maswali na majibu

Mazoezi ni yale yale, mbona kasi inashuka?

Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa kukadiria, chukua 208 utoe asilimia 70 ya umri: mwenye miaka 60 hubaki na takriban 166 kwa dakika. Misuli nayo husinyaa, ikianza na nyuzi zinazokupa kasi. Hata hivyo, anayeendelea kujituma hupungukiwa polepole sana kuliko anayekaa. Ed Whitlock wa Kanada alimaliza maratoni kwa saa 2:54:48 mwaka 2004, akiwa na miaka 73.

Nipunguze nini?

Kilomita, si siku ya kasi. Wengi hufanya kinyume, wakabaki na mwendo wa pole tu, na hapo ndipo uwezo unapowaponyoka. Mara moja kwa wiki, pasha mwili moto dakika 15, kisha panda mlima mara 6, kila mara sekunde 45 hadi 60, ukishuka kwa kutembea. Kwa wakazi wa Kampala, Kololo au Naguru panatosha. Mlimani moyo hufanya kazi kubwa huku magoti yakipata kishindo kidogo. Halafu siku mbili tatu za mbio nyepesi, yaani unakimbia huku ukiongea sentensi nzima bila kuhema. Ukiona siku ya tatu miguu bado mizito, ongeza ya nne.

Nyuma ya kisigino panauma asubuhi. Nifanyeje?

Mara nyingi ni kano, na milima huichokoza, kwa hiyo kimbia tambarare kwanza. Simama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo. Inuka kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja, taratibu, sekunde 3. Rudia mara 15, seti 3, kila siku, kwa wiki 12. Kama maumivu yako chini kabisa, kano inaposhika mfupa, fanyia sakafuni: kushusha kisigino chini ya ngazi huibana kano kwenye mfupa.

Na chakula?

Lenga gramu 25 hadi 30 za protini kila mlo. Matoke pekee hayafiki hata karibu. Weka maharage au mukene (dagaa), na mayai mawili yanaongeza gramu 12.

Natumia dawa ya presha. Nikimbie?

Muulize daktari kwanza. Atenolol na propranolol hushusha mapigo, hivyo hesabu ya hapo juu haikufai. Pima kwa kuongea. Kifua kikibana, ukipata kizunguzungu au moyo ukiruka mapigo, simama papo hapo uende hospitali siku hiyo hiyo.