Je, wajua kwa nini mitaa ya Paris ya kale haina watu pichani?

Zitazame picha za Paris alizopiga Charles Marville katika miaka ya 1860. Mawe ya barabara yameloa, maji machafu yanatiririka katikati ya kichochoro, kuta zimejaa mabango. Watu ndio hakuna. Jiji la watu zaidi ya milioni moja linaonekana kama limehamwa usiku.

Watu walikuwepo. Siku hizo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, tena kikiwa bado kibichi, na kioo hicho kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga. Mpita njia hakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama, ukuta ulikaa. Mwaka 1838, Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga picha ya Boulevard du Temple, barabara ya Paris, bamba lake lilihitaji dakika kadhaa. Magari ya farasi yote yakapotea, akabaki bwana mmoja aliyekuwa amesimama akisafishiwa viatu.

Marville hakutumwa kutafuta huzuni. Aliajiriwa na jiji wakati wa bomoabomoa kubwa ya Georges Haussmann, aliyesimamia Paris kuanzia 1853 hadi 1870 na kupasua mitaa ya kale ili barabara pana zipite. Jiji lilitaka kumbukumbu ya kile kilichokuwa kikiondoka, naye akaliachia picha 425 za mitaa hiyo.

Mbona basi kazi ya ofisi inatugusa hivi? Naamini ni kwa sababu Marville hakutuchagulia cha kutazama. Kibao cha duka, ufa wa ukuta, ngazi iliyochakaa, kila kimoja kimepewa haki yake, na jicho linazurura lenyewe. Kwa kuwa mtaani hamna mtu, anayetazama ndiye anayegeuka mpita njia. Anapita huku akijua kwamba nyumba zile siku zake zimehesabiwa. Aliyewahi kuona alama ya X nyekundu ikichorwa kwenye nyumba ya jirani yake Dar es Salaam hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Eugène Atget aliifuata njia hiyo hiyo kwa takriban miaka 30, akibeba kamera nzito ya mbao na vioo vyake hata baada ya kamera nyepesi kuingia sokoni. Picha zake aliziita nyaraka tu, za kuwasaidia wachoraji. Alipofariki mwaka 1927, mpiga picha Mmarekani Berenice Abbott, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alihangaika hadi akaokoa sehemu kubwa ya hazina ile.

Abbott aliporudi New York mwaka 1929 alikuta maghorofa yanapanda kila upande. Kati ya 1935 na 1939, akilipwa na mpango wa serikali, aliupiga picha mji huo katikati ya mabadiliko yake, mara nyingi akiweka duka dogo na ghorofa refu ndani ya picha moja. Miongoni mwa alivyovipiga ni stesheni ya reli ya Pennsylvania, mwanga ukipenya paa lake la chuma na vioo. Wakati ule ilikuwa stesheni yenye shughuli zake za kila siku, na picha ilionyesha jinsi ilivyojengwa. Mwaka 1963 ikaanza kubomolewa. Tangu hapo, anayeitazama picha ile anaanza kwa kuuliza paa lile lilikwenda wapi.