Moyo Mkubwa wa Wapiga Makasia

Kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, yaani kuchunguza mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi. Wazazi wa vijana wanariadha huniuliza swali moja kuliko mengine yote: mbona kipimo kinaonyesha moyo wa mwanangu ni mkubwa? Hofu hiyo ni ya siku nyingi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita iliwasumbua madaktari wa vyuo vya Marekani, na waliowatia wasiwasi zaidi walikuwa wapiga makasia.

Mbio zenyewe hazikuwa mchezo. Kuanzia 1895 Cornell, Columbia na Pennsylvania walikuwa wakishindana Poughkeepsie, katika mto Hudson, na vyuo vingine vikajiunga baadaye. Boti ni nyembamba, ya mbao. Watu 8 wanavuta, kila mmoja na kasia lake, wa 9 anashika usukani. Umbali ulikuwa maili 4, yaani kama kilomita 6.4. Cornell walipotia fora mwaka 1901 walitumia dakika 18 na sekunde 53. Muda wote huo ni kuvuta tu, kwa miguu, mgongo na mikono, huku treni iliyofungwa viti vya watazamaji ikienda nao sambamba kando ya mto.

Kocha wa Cornell, Charles Courtney, alikuwa seremala aliyewahi kupiga makasia kwa kulipwa, na alisimamia hadi kile wanachokula vijana wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1897 alifukuza watano kwenye timu kwa kosa la kula keki ya stroberi. Kwa nguvu waliyokuwa wakiitumia kila siku, sioni keki ile ingewadhuru nini. Watafiti wa lishe Wilbur Atwater na A. P. Bryant walipima chakula cha timu za vyuo vya Harvard na Yale, kilichopakuliwa na kilichobaki, wakachapisha matokeo mwaka 1900: kwa wastani protini gramu 155 na kalori 4,085 kwa mtu kwa siku. Nyama, mayai na maziwa kwa wingi. Hata leo, anayefanya mazoezi ya aina hiyo nisingemwambia ale pungufu ya hapo.

Sasa tuje kwenye moyo. Eksirei ndiyo kwanza ilikuwa imegunduliwa, mwaka 1895, na kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, hakikuwepo kabisa. Daktari alilaza kidole kimoja kifuani, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akisogea polepole kutoka kwenye pafu kuelekea moyoni. Juu ya pafu mlio unavuma kama wa ngoma tupu. Ukifika juu ya moyo unakuwa mfupi na mzito. Pale mlio unapobadilika anatia alama ya wino, na alama zikiunganishwa zinampa mpaka wa moyo. Kwa uchunguzi wa namna hiyo daktari Eugene Darling aliwapima wapiga makasia wa Harvard, na mwaka 1899 akaripoti kwamba mioyo yao ilikuwa imekua, ila hakuona dalili kwamba ukuaji huo umewadhuru.

Madaktari wengine hawakushawishika, na siwalaumu. Wodini, moyo mkubwa waliokuwa wakiugusa kila siku ulikuwa wa mgonjwa anayevimba miguu na kuishiwa pumzi.

Mpiga makasia ana mizigo miwili kwa pamoja. Misuli mikubwa ya mwili mzima inarudisha damu nyingi, kwa hiyo vyumba vya moyo vinapanuka. Na kila anapokaza kuvuta, shinikizo la damu linapanda ghafla, kwa hiyo kuta nazo zinanenepa. Kwa sababu kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi, akipumzika moyo wake unapiga polepole. Nikiwa na shaka namwomba kijana asimamishe mazoezi kwa wiki kadhaa kisha nampima tena. Unene ulioletwa na mazoezi hupungua. Wa ugonjwa wa misuli ya moyo hubaki palepale.

Mwaka 1904 daktari George Meylan alifuatilia wapiga makasia 152 waliowahi kushindania Harvard kati ya 1852 na 1892, akakuta wameishi miaka mingi kuliko ilivyokadiriwa na majedwali ya bima. Mimi matokeo hayo nayapokea kwa tahadhari: aliyepata nafasi kwenye boti ya Harvard alikuwa ameshachujwa kwa afya, na mara nyingi kwa mali pia. Lakini kama maili 4 zingekuwa zinaua, ingeonekana.

Hofu haikuisha. Mwaka 1914 chuo cha Wisconsin kilijitoa kwenye mashindano ya Poughkeepsie, madaktari wake wakihofia mioyo ya wanafunzi. Kilirudi mwaka 1924, mbio zikiwa zimepunguzwa kuwa za maili 3, kikamaliza cha pili nyuma ya chuo cha Washington.