Mvinyo mwekundu hautaki joto kali

Barazani hapa Ngamiani, Tanga, nimesikia mara nyingi kwamba nchi ikizidi joto ndipo mvinyo wake mwekundu unapozidi ubora. Sivyo.

Tazama bonde la mto Ahr, Ujerumani. Ni mto mdogo wa kilomita 85 hivi, unaoingia mto Rhine kusini mwa mji wa Bonn. Huko majira ya baridi ni baridi kwelikweli, na bado zaidi ya robo tatu ya mizabibu ni ya zabibu nyekundu, hasa Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir. Zabibu hii huiva upesi, na joto likizidi, sukari hupanda haraka huku uchachu wake unaopendeza ulimi ukipotea. Inataka kuiva polepole.

Basi joto la kutosha hulipata wapi? Kwenye miinuko inayotazama kusini, ambako ndiko upande wa jua huko Ulaya, yenye mawe meusi ya sleti: mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha kwa mizabibu. Miinuko ni mikali hata kazi nyingi hufanywa kwa mikono, na mimi naliheshimu sana jasho hilo.

Kwetu Tanga kikwazo ni unyevu: ugonjwa wa ukungu hushambulia majani na vichala. Ndiyo maana zabibu zetu ziko Dodoma, juu na kukavu, zikivunwa mara mbili kwa mwaka.

Julai 2021 mafuriko ya Ahr yaliua watu zaidi ya 130. Chupa za mvinyo zilizofukuliwa, zikiwa bado na tope, ziliuzwa kuchangia ujenzi mpya.