Matusi kwa rais si uchochezi

Kampeni zikipamba moto hapa Kenya, wanahabari hunitumia video za wanasiasa jukwaani wakiuliza: "Wakili, haya si matamshi ya chuki?" Mara nyingi jibu langu huwavunja moyo. Kumwita rais mwizi au zuzu ni utovu wa adabu, lakini uchochezi sio. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kudhalilisha mamlaka ya afisa wa umma kuwa kosa, na kwa maoni yangu ilichelewa. Mwenye madaraka ana walinzi na wasemaji wa kumjibia. Mpangaji wa kabila jingine mtaani hana.

Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, aliwahimiza watu waliohudhuria mkutano Eldoret waondoe "madoadoa" kati yao. Alikamatwa, akaomba radhi, akajitetea kwamba aliwalenga wanasiasa wasiounga mkono mrengo wake. Huenda. Lakini pale ni Eldoret. Tangu miaka ya 1990 neno hilo limetumika Bonde la Ufa kuwaandama wanaoitwa wageni, na karibu na mji huo, Kiambaa, kanisa lilichomwa Januari 2008 watu wakiwa wamejificha ndani. Ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Aliyenusurika akilisikia tena neno lile, hawazi habari za vyama. Anawaza atawapeleka wapi watoto.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ikatoa orodha ya maneno ya kuchunga, yakiwemo "madoadoa", "wabara" na hata "hatupangwingwi", yaani hatupangiwi la kufanya. Hilo la mwisho kwangu ni kiburi cha kisiasa tu. Na "wabara"? Muuza samaki wa Likoni, Mombasa, hulitamka mchana kutwa bila ubaya, tena kwa wateja wake wenyewe. Limtoke mgombea anayehutubia kuhusu ardhi, Likoni ileile ambako watu wa bara waliuawa na kufukuzwa Agosti 1997, na hapo linatisha. Orodha haiwezi kuona tofauti hiyo. Isitoshe, wanasiasa wetu ni mabingwa wa mafumbo. Ukipiga marufuku neno leo, kesho wana jingine.

Mpango wa Rabat, uliotolewa mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa, hupima kama matamshi ni uchochezi kwa mambo sita: mazingira, msemaji, nia, maudhui, ueneaji na uwezekano wa madhara. Mimi huanza na mawili ya kwanza.

Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 haiko mbali na hapo. Kifungu cha 13, chenye faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, hakidai lazima nia ithibitishwe. Inatosha kwamba, ukiangalia mazingira yote, chuki ya kikabila ingeweza kuchochewa. Kwa hiyo "sikumaanisha hivyo" peke yake haimwokoi mtu. Mwanasiasa anaujua umati wake. Ndiyo kazi yake.