Hori isiyo na mto: dhana potofu kuhusu maji ya chini ya ardhi

Simama kwenye hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu, pwani ya Kenya, maji yakiwa yamepwa. Utaona matope, mikoko, kaa na ndege. Mto hutauona, kwa sababu haupo. Mto Sabaki unamwaga tope lake kwingine, kaskazini ya Malindi. Hapo ndipo watu husema: hii ni bahari tupu, maji ya bara hayaihusu.

Si kweli. Mvua haihitaji mto ili ifike pwani. Inapenya kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, inateremka chini kwa chini, kisha inachuruzika kandokando ya hori. Maji yakipwa, uzito wa bahari unapungua na mchuruziko unaongezeka; yakijaa, unabanwa. Kwa hiyo anayepima chumvi mara moja tu, tena maji yakiwa yamejaa, atapata karibu gramu 35 kwa lita na kurudi nyumbani akiamini kuwa hakuna kitu. Wanaotaka kuhakikisha hupima radoni, gesi inayozaliwa ndani ya miamba na udongo. Maji ya ardhini huwa nayo kwa wingi, ya bahari kidogo sana, na kwa kuwa hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, ikionekana horini ujue maji yametoka chini hivi karibuni.

Wengine wanakubali hayo, ila wanadhani kinachotoka chini lazima kiwe maji matamu. Kumbe sehemu kubwa inaweza kuwa maji ya bahari yenyewe: yalijaa, yakaingia kwenye mchanga na mashimo ya kaa, yakarudi siku nyingine. Chumvi ni ileile, lakini oksijeni imeliwa njiani, na yamebeba amonia, silika (madini ya mchanga) na kaboni dayoksaidi. Ulimi hautakwambia lolote.

Dhana inayonikera zaidi ni ile ya "ardhi huchuja kila kitu", maana ndiyo inayotumika kuhalalisha choo cha shimo hatua chache kutoka ufukweni. Mchanga hunasa baadhi ya vijidudu, naam. Lakini jiwe la matumbawe limejaa matundu na mapango, na maji hupita humo kama kwenye bomba. Fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, hunata kwenye chokaa ya jiwe hilo. Naitreti ya vyoo na mbolea, yaani naitrojeni iliyoyeyuka, hainati, husafiri na maji. Mimea midogo ya baharini kwa wastani hutumia atomi 16 za naitrojeni kwa kila 1 ya fosforasi, na maji yaliyopita kwenye chokaa mara nyingi huja na naitrojeni iliyozidi sana kiwango hicho. Hori huweza kuwa na naitrojeni ya kumwaga, na mwani wake bado ukakosa fosforasi.

Hata hivyo, njia ya kutokea nayo ina neno lake. Maji yakipenya polepole kwenye tope la mikoko lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, hii hii iliyojaa hewani, ikaondoka. Yakibubujika kupitia ufa wa mwamba, naitreti inafika majini karibu yote. Ndiyo sababu sehemu mbili za hori moja zinaweza kutofautiana kabisa.

Na visima? Husemwa kuwa kuteka maji ni mambo ya nchi kavu. Maji matamu ni mepesi, hivyo huelea juu ya yale ya chumvi yaliyopenya chini ya ardhi: kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 nyingine za maji matamu chini ya usawa huo. Pampu ikishusha mita hiyo kwa nusu, mita 20 za chini hatimaye huenda, chumvi ikapanda kuelekea kisimani. Na maji matamu yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mikoko hupungua vilevile.